Wadaiwa Wanaposukumiana Mzigo: Maelezo Kuhusu Kesi za Fidia na Marekebisho ya Hati



Katika ziara za mafunzo ya msaada wa kisheria tunazofanya Matongo na vijiji vingine vya Nyamongo, liko swali ambalo hurudi karibu kila kikao. Mtu ameumia. Usharika umemchangia nauli, wakili amepatikana, hati ya madai imepelekwa mahakamani na waliotajwa wameitwa. Kisha wanakamati wanashangaa, maana waliotajwa hawamjibu aliyeumia bali wanageukiana wao kwa wao. Huyu anasema kosa ni la yule, yule anasema ni la mtu wa tatu ambaye hata hajatajwa. Hati zinabadilishwa, tarehe inasogezwa, na aliyeumia anarudi nyumbani na magongo yake. Wahisani nao huuliza jambo hilohilo kwa lugha ya taarifa za fedha: kwa nini fungu la kesi moja limetumika miezi mingi na bado mnaandika kwamba hati zinarekebishwa?

Tumeona tulieleze jambo hili kwa kirefu, kwa sababu ukimya juu yake umewakatisha tamaa watu waliokuwa na madai ya haki. Kusukumiana mzigo ni haki ya wadaiwa kisheria, na mara nyingine kunamsaidia aliyeumia kwa kuwa kunafichua ni nani hasa mwenye wajibu na mwenye uwezo wa kulipa. Lakini mdai asiporekebisha hati yake mwenyewe kwa wakati, anaweza kushinda hoja na bado akakosa fidia. Na kinachoamua kama hati itarekebishika vizuri ni karatasi na vitu vilivyohifadhiwa katika wiki za kwanza, kabla wakili hajaingia. Hapo ndipo kamati ya usharika ilipo na kazi.

KAMBA ILIYOKATIKA

Tuchukue mfano wa kubuni ambao yeyote anayekaa huku atautambua. Kwenye duara la wachimbaji wadogo kuna winchi ya kuvutia mifuko ya mawe kutoka chini. Mwenye duara alinunua kamba ya chuma ya winchi hiyo katika duka la vifaa. Duka liliipata kwa mwagizaji wa Mwanza, na mwagizaji aliileta kutoka kiwanda cha ng'ambo. Siku moja kamba inakatika, mfuko unaporomoka na kumvunja kijana uti wa mgongo. Kijana hana mkataba wa ajira. Kama ilivyo kwa wengi katika maduara, malipo yake yalikuwa mgawo wa mawe. Angekuwa mwajiriwa anayetambuliwa, mlango wa kwanza wa kubisha ungekuwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na makala hii ingekuwa fupi zaidi.

Kijana anafungua madai dhidi ya watu wawili anaowajua, yaani mwenye duara na mwenye duka. Yeye sasa anaitwa mdai, wao wanaitwa wadaiwa. Hakuna mshitakiwa hapa, kwa kuwa si kesi ya jinai na hakuna anayetafutwa kufungwa. Kinachotafutwa ni fidia.

Mwenye duara anajibu kwamba yeye alinunua kitu dukani akiamini ni kizima, hivyo kama kuna kosa ni la aliyemuuzia. Mwenye duka anajibu kwamba kamba ilikuwa nzima, ila mwenye duara aliipakia mzigo kupita kiasi na hakuwahi kuikagua. Kila mmoja anaiomba mahakama: nikionekana nina wajibu, mwamuru mwenzangu anirudishie yote nitakayolipa, au sehemu yake. Hayo ndiyo madai kati ya wadaiwa. Yasichanganywe na madai kinzani, ambayo ni mdaiwa kumgeuzia mdai mwenyewe kibao na kusema "wewe ndiye unayenidai mimi isivyo haki, tena mimi ndiye ninayekudai".

Mwenye duka hataishia hapo. Ataomba pia ruhusa ya kumwita mwagizaji wa Mwanza ndani ya kesi hiyohiyo, akisema kama kamba ilikuwa na ubovu basi ilikuja nao. Huyu anaitwa mtu wa tatu, na utaratibu wa kumwita umewekwa katika Amri ya Kwanza ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33. Sababu ya sheria kuruhusu haya yote ni ya busara kabisa. Kama si hivyo, ajali moja ingesikilizwa mara tatu mbele ya mahakimu watatu, na huenda kila mmoja akaamua lake.

Kwa kijana wetu, jambo jema ni kwamba wadaiwa wawili waliochangia dhara moja huwajibika pamoja. Anaweza kulipwa fidia yote na yeyote kati yao, na wao wakaenda kugawana hasara baadaye. Hivyo ugomvi wao wa asilimia ngapi kwa nani si wake. Unakuwa wake pale mmoja anapokuwa hana kitu, au pale mahakama inapoona kwamba hao wawili hawana kosa na mwenye kosa ni yule wa tatu.

Hapo ndipo tunapowaomba msome polepole. Mtu wa tatu ameitwa na mdaiwa. Hajaitwa na mdai. Mahakama inaweza kusema wazi kwamba mwagizaji ndiye aliyeingiza kamba mbovu, na bado isiweze kumwamuru amlipe kijana, kwa sababu kijana hakumdai. Ili alipwe na mwagizaji, kijana lazima arekebishe hati yake na kumfanya mwagizaji awe mdaiwa wake.

HATI INAVYOREKEBISHWA

Wapo wanaodhani hati ikishapigwa muhuri haiguswi tena. Sivyo. Amri ya Sita, kanuni ya 17 ya sheria hiyohiyo inaipa mahakama uwezo wa kuruhusu upande wowote kurekebisha hati yake katika hatua yoyote ya kesi, kwa masharti ya haki, ili suala halisi linalobishaniwa liamuliwe. Uwezo huo ni wa mdai kwa hati yake ya madai, na ni wa mdaiwa kwa utetezi wake na kwa yale anayodai dhidi ya mdaiwa mwenzake.

Ruhusa haitolewi hivihivi. Hakimu au jaji hutazama kama rekebisho ni la lazima kwa kuamua ugomvi, kama linaigeuza kesi kuwa kesi nyingine kabisa, kama mwombaji amekuja kwa nia njema au anapoteza muda, na kama upande wa pili utaumizwa kwa namna ambayo gharama haziwezi kufidia. Ombi la mapema, kabla ushahidi haujaanza kusikilizwa, hupita kwa urahisi. Ombi la mwisho mwisho huangaliwa kwa jicho kali, na mara nyingi mwombaji huamriwa kulipa gharama za siku iliyopotea.

Katika mfano wetu, tuseme mwenye duka aliandika mwanzoni kwamba mwenye duara alifanya uzembe, basi. Miezi minne baadaye anapata hati ya mapokezi ya mzigo ikiwa na maelezo ya uzito ambao kamba ile inabeba, na kumbukumbu kwamba alimpa mwenye duara nakala. Sasa anataka kurekebisha madai yake ili yasomeke kwamba mwenye duara alionywa na akapuuza. Je, kijana apinge? Wengi hupinga kwa hasira, kwa kuona ni mbinu ya kuchelewesha. Kwa maoni yetu ni vema kwanza kuuliza rekebisho hilo linaleta nini mezani. Hati ile ya uzito inaweza kuwa ndiyo ushahidi bora kabisa wa kijana dhidi ya mwenye duara, tena umeletwa na mdaiwa kwa gharama zake. Kinachofaa hapo ni kukubali, kuomba gharama za kuahirisha, na kuomba nafasi ya kurekebisha hati ya madai ili iendane na jambo jipya.

Lipo la kuogopesha kuliko yote, nalo ni ukomo wa muda. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya dhara lisilotokana na mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 3. Ya mkataba ndani ya miaka 6. Kurekebisha hati hakurudishi saa nyuma. Mdaiwa mpya akiingizwa mwaka wa 4, anayo haki ya kusimama na kusema kwamba kwake yeye muda ulikwisha, hata kama wenzake walishtakiwa mwaka wa kwanza. Sheria inampa waziri mwenye dhamana ya sheria uwezo wa kuongeza muda kwa kisichozidi nusu ya ule uliowekwa, lakini hatushauri mtu yeyote apange maisha yake akitegemea hilo.

KONOKONO WA PAISLEY

Kwa nini kijana aruhusiwe kumdai mwenye duka au mwagizaji, wakati yeye hakununua kitu kwao? Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi: bidhaa iwe na ubora unaokubalika na ifae kwa kazi iliyonunuliwa. Mnunuzi ni mwenye duara. Kijana si mnunuzi.

Jibu lilitoka Scotland, na ni vizuri watu wa kanisa walijue. Tarehe 26 Agosti 1928, katika mji wa Paisley, mama mmoja aitwaye May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake kinywaji cha tangawizi katika mgahawa. Chupa ilikuwa ya rangi nzito isiyoonyesha kilichomo. Alipokwisha kunywa sehemu, kilichobaki kilimiminwa na, kwa madai yake, kikatoka na konokono aliyeoza. Akaugua. Hakuwa amenunua yeye, hivyo hakuwa na mkataba na yeyote. Akamdai mtengenezaji, David Stevenson.

Mwaka 1932 shauri hilo lilifika Baraza la Malordi huko London, nalo likaamua kwa kura 3 dhidi ya 2 kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji wa mwisho hata pasipo mkataba. Jaji Lord Atkin alijenga hoja yake juu ya swali ambalo mwanasheria alimwuliza Bwana wetu katika Luka sura ya 10: jirani yangu ni nani? Jibu lake kisheria lilikuwa kwamba jirani ni yule ambaye nilipaswa kumfikiria kuwa anaweza kudhurika kwa tendo langu. Mahakama zetu zilirithi msingi huo pamoja na sheria nyingine za Kiingereza, na mpaka leo ndiyo nguzo ya madai ya uzembe.

Wanasheria husimulia sana habari ya konokono na kuacha sehemu inayotuhusu hapa. Baada ya kufungua madai dhidi ya mtengenezaji, mama Donoghue alirekebisha hati yake mwaka 1929 na kumwongeza mwenye mgahawa. Miezi michache baadaye madai dhidi ya mwenye mgahawa yakaachwa, kwa kuwa hakuwa na mkataba naye, na kwa chupa isiyopenya mwanga mtu huyo asingeweza kuona kilichomo. Kwa kumwingiza na kumtoa, mama yule aliamriwa alipe gharama za zaidi ya pauni 108, fedha nyingi mno kwa mfanyakazi wa duka wa wakati ule. Alipokata rufaa kwenda kwa Malordi ilibidi athibitishe kwamba ni fukara ili asidaiwe dhamana ya gharama. Baada ya uamuzi, Stevenson alifariki kabla ushahidi wa konokono haujasikilizwa, na shauri likaisha kwa maelewano. Hivyo hakuna mahakama iliyowahi kuthibitisha kama konokono alikuwamo.

Mtu akituambia "tajeni wote, tutachuja baadaye", tunamkumbusha mama huyu. Kumtaja mtu bila msingi kuna bei. Kumsahau mwenye wajibu kuna bei kubwa zaidi. Kati ya hayo mawili inabidi kuwe na uchunguzi.

NDEGE YA NAIROBI

Mfano wa karibu zaidi wa madai ya bidhaa yenye wadaiwa kadhaa ni ule wa ndege ya Ethiopian Airlines iliyoanguka tarehe 10 Machi 2019 muda mfupi baada ya kuondoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Watu wote 157 walifariki, wakiwamo Wakenya 32, na wapo Waafrika Mashariki wengi walioguswa na msiba ule. Ndege ilikuwa aina ya Boeing 737 MAX. Kihisi kimoja cha pembe ya ndege kilitoa taarifa zisizo sahihi, na programu ya ndege ikaisukuma pua chini mara kwa mara.

Familia zilifungua madai katika mahakama ya Chicago. Hapo palikuwa na Boeing iliyounda ndege, palikuwa na Rosemount Aerospace iliyotengeneza kihisi, na palikuwa na Rockwell Collins upande wa mitambo ya kompyuta. Kila dalili ilikuwapo ya miaka mingi ya kusukumiana. Novemba 2021 Boeing ilikubali mbele ya mahakama kwamba yenyewe ndiyo inayowajibika kulipa fidia ya hasara, bila kuwabebesha lawama marubani wala watengenezaji wa vifaa. Familia zilizokubali mapatano hayo nazo ziliachia dai la fidia ya kuadhibu. Kilichobaki kubishaniwa kikawa kiasi cha kumlipa kila mmoja. Nyingi zilimalizika kwa maelewano, na Novemba 2025 familia moja ilipewa na baraza la mahakama hiyo zaidi ya dola milioni 28.

Tunajua kijana wa duara si abiria wa ndege, na fidia za Chicago si za Tarime. Ila tazameni jinsi swali la "nani kati yao" lilivyokwisha. Walalamikaji walikuwa wamewataja wote waliohusika tangu mapema, wakiwa na nyaraka, kiasi kwamba kumsukumia mwingine hakungeondoa mzigo mezani.

MGODI, POLISI NA KAMPUNI MAMA

Hapa kwetu Matongo madai makubwa ya kuumizwa yaliyofika mahakama za mbali hayakuwa ya bidhaa, lakini ugomvi ulikuwa wa namna hiyohiyo, yaani nani abebe. Mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na tangu mwaka 2006 umekuwa chini ya Barrick na kampuni zake, kwa majina ambayo yamebadilika: African Barrick Gold kuanzia 2010, Acacia kuanzia 2014, kisha Barrick yenyewe tena tangu 2019, Serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Ulinzi wa mgodi umeshirikisha polisi kwa makubaliano ya maandishi kati ya mgodi na Jeshi la Polisi. Tarehe 16 Mei 2011 watu wasiopungua watano waliuawa kwa risasi za polisi hapo mgodini.

Mwaka 2013 baadhi ya majeruhi na ndugu wa waliofariki katika matukio ya mgodini walifungua madai katika Mahakama Kuu ya London dhidi ya kampuni mama iliyokuwa imesajiliwa Uingereza na dhidi ya kampuni ya mgodi. Kampuni zilikana kuwajibika. Februari 2015 pande hizo ziliafikiana nje ya mahakama, na masharti hayakutangazwa. Novemba 2022 kundi jingine la walalamikaji 21 lilifungua madai Ontario, Canada, dhidi ya Barrick Gold Corporation, ambayo ilisema haiwaamrishi polisi wa Tanzania. Novemba 2024 jaji wa Ontario aliukataa mlango huo, akiona kwamba Tanzania ndiko mahali panapofaa kusikiliza shauri, na walalamikaji wakakata rufaa.

Sisi hatuandiki hapa kuhukumu madai hayo. Tunayataja kwa sababu yanaonyesha njia tatu za kusukuma mzigo ambazo mtu wa Matongo atakutana nazo: kampuni mama kusema ni kampuni tanzu, kampuni kusema ni polisi, na wote kusema mahakama hii siyo. Mdai anayejiandaa kwa njia moja tu huishiwa nguvu kwenye ya pili.

Tuseme sasa kesi imefunguliwa hapa nchini dhidi ya kampuni, na katika utetezi wake kampuni ikasema aliyeumiza ni askari. Mdai akitaka kurekebisha hati na kuiingiza Serikali, Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inamtaka kwanza atoe taarifa ya siku 90. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, Mwanasheria Mkuu wa Serikali ni lazima aunganishwe katika shauri la namna hiyo, na shauri linakwenda Mahakama Kuu, kwa huku kwetu Musoma. Kwa hiyo aliyefungua kesi katika mahakama ya chini, mwezi wa 34 tangu aumie, akaambiwa "si sisi, ni polisi", yuko pabaya: siku 90 zinazidi miezi iliyobaki. Aliyetoa taarifa ile mapema, hata kabla ya kujua kama ataihitaji, anaweza kurekebisha hati yake bila kutetemeka.

Liko pia suala la karatasi za mapatano. Ripoti za RAID ya Uingereza na MiningWatch ya Canada zilieleza kwamba katika utaratibu wa mgodi wa kushughulikia malalamiko, watu walitia saini hati za kupokea msaada zilizokuwa na kifungu cha kuachia haki ya kushtaki. Karatasi ya namna hiyo inaweza kumfunga mtu asidai kampuni ya mgodi, wala kampuni mama, wala mtu mwingine aliyetajwa humo. Hatusemi mtu asipokee anachopewa akiwa na njaa na kidonda. Tunasema asitie kidole gumba kabla mtu mwingine hajamsomea maneno yote kwa Kiswahili, na kwa Kikuria kama ndiyo anayoielewa vizuri, na nakala ibaki mkononi mwake.

KAZI YA KAMATI

Wajumbe wa kamati si mawakili, na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani. Lakini kazi tuliyoieleza haihitaji joho.

Cha kwanza ni kitu chenyewe. Kama ni kamba, kipande kilichokatika kihifadhiwe, na kile kilichobaki kwenye winchi pia, vikafungwe na kuandikwa tarehe mbele ya mashahidi. Kama ni mtungi, kifuniko na lebo. Mara nyingi mwenye kifaa hukimbilia kurekebisha na kutupa kilichovunjika, kazi iendelee. Ndani ya siku moja ushahidi umekuwa chuma chakavu. Lebo ndiyo inayotaja mtengenezaji, na risiti ndiyo inayotaja muuzaji. Bila hivyo viwili, mwenye duka akimtaja mwagizaji, mdai hana namna ya kumjua wala kumpinga. Panapokuwa na shaka ya ubora, taarifa ipelekwe Shirika la Viwango au Tume ya Ushindani, kwa maandishi, nakala ibaki.

Cha pili ni PF3 na kadi ya hospitali. Pale anayelalamikiwa ni askari, aliyeumia huogopa kwenda kituoni kuchukua fomu, na tunaelewa kwa nini. Mjumbe wa kamati au mzee wa kanisa amsindikize. Ikishindikana, hospitali iandike katika kadi jinsi mgonjwa alivyoeleza kilichomuumiza, siku na saa. Neno "ameanguka" lililoandikwa kwa haraka na mhudumu limeshaharibu madai ya watu.

Cha tatu ni majina. Andikeni kila aliyekuwapo na kila anayeweza kuwa na sehemu katika jambo hili, hata kama leo haonekani wa kulaumiwa: mwenye leseni ya eneo, mwenye duara, msimamizi wa zamu, kampuni ya ulinzi, askari na kituo chake, duka, mwagizaji. Orodha hiyo haiendi mahakamani yote. Wakili ataichuja, kwa sababu tuliyoiona kwa mama Donoghue. Lakini siku mdaiwa atakapomtaja mtu mpya, jina liwe tayari kwenye daftari lenu pamoja na tarehe ya tukio, ili hesabu ya miaka 3 na siku 90 ifanywe palepale.

Kwa wahisani, hii ndiyo sababu katika taarifa zetu mnaona nauli, fotokopi, ada ya kumbukumbu za hospitali na malipo ya tafsiri yakichukua nafasi ambayo mlitarajia ichukuliwe na ada za mahakama. Ingawa tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, nyaraka za kampuni na za waagizaji bado huja kwa Kiingereza, na za viwandani pengine kwa Kichina. Fedha hizo hazijengi darasa wala kisima cha kupigia picha. Zinanunua uwezo wa mdai kujibu ndani ya siku alizopewa pale mdaiwa anapomsukumia mzigo mwingine.

Sharika ambazo zina mtu aliyeumia katika miaka 2 iliyopita, na ambazo hazijaleta nakala za PF3, risiti na orodha ya majina, zilete kupitia kwa mchungaji wa usharika. Karatasi halisi zibaki kwa mwenyewe au kwenye sanduku la usharika. Ofisi inahitaji nakala tu. Kwa mtoto aliyeumia sheria ya ukomo ina nafuu yake, ila kumbukumbu za hospitali hazimngoji akue, hivyo na zake zikusanywe sasa.